Pea Tatu na Mguu Wako wa Kushoto

Nasra mwanangu,

Hali yako sikuulizi. Nimekuona leo leo asubuhi, umekula chapati mbili na chai ya tangawizi, ukanibusu kichwani, ukaenda Kawe kumuaga shangazi yako. Umesema utarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina mchana mmoja tu wa kuandika, na kesho alfajiri basi la Mbeya linakuchukua.

Nimekaa hapa kwenye kibanda changu cha viatu Boko, turubai nimeliteremsha nusu ili wateja wadhani sipo. Mmoja keshainama akachungulia. "Mama Nasra, simpo za ofisini zipo?" Nikamwambia njoo kesho, na hiyo kesho sijui kama nitafungua. Naandikia gotini, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala baridi ya Mbeya, wala kufunga mlango na komeo. Mambo hayo ulinizidi siku nyingi. Nakuandikia habari ya viatu. Uliniomba nikuchagulie pea moja katika zile tatu, ukasema, "Mama, wewe ndiye unayejua viatu, mie najua plastiki tu." Basi nimechagua. Ila nikikwambia nimechaguaje, itabidi nikwambie na jambo jingine ambalo nimelificha miaka ishirini na mbili, na hilo ndilo linalonitoa jasho hapa.

Niache nianze na viatu, maana huko nina nguvu kidogo.

Unakumbuka ulivyozipanga juu ya mkeka. Ukasema kazi yako ya Mbeya ni kupita nyumba kwa nyumba ukiwafundisha akina mama kutenga taka za plastiki, na huwezi kumwambia mtu chupa tupu ina thamani huku umevaa kiatu cha plastiki mpya kabisa. Nikacheka, nikasema huyu mtoto ana maneno huyu. Pea moja ilitoka kwa fundi wa Segerea, moja kwa fundi wa Kawe, moja kwa fundi wa Mbagala. Zote simpo, viatu vya chini, zote zimetengenezwa kwa plastiki iliyokwisha kutupwa. Mtu mwingine angechagua kwa macho akamaliza.

Mie nimeuza viatu tangu hujaacha kunyonya. Kiatu hakipimwi kwa kukigeuzageuza mkononi. Kinapimwa mguuni, na si mguu wa yeyote tu, mguu wa mtu atakayekivaa. Bahati wewe na mie saizi yetu moja. Nikazivaa zote tatu, kila pea siku tatu, kutoka nyumbani mpaka hapa, kutoka hapa mpaka sokoni, na kurudi. Lakini sikutembea kama ninavyotembeaga. Nilitembea kama wewe.

Mguu wa kulia nilikanyagia unyayo wote. Wa kushoto niliugeuza kwa ndani, nikakanyagia ubavu wa nje, kidole gumba hakigusi chini. Siku ya kwanza ile ya Segerea, sijafika hata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ubavu wa mguu ukawa unawaka moto. Siku ya pili kifundo kikavimba. Siku ya tatu goti nalo likaanza, halafu nyonga, nikakaa juu ya kreti tupu la soda nikalia mbele za watu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimekuzaa mwenyewe, nimekuona unatembea hivyo maisha yako yote, na haki ya Mungu sikuwa najua. Ulipokuwa unatoka shule nilikuwa nakwambia, "Kabla hujavua sare, kimbia dukani uniletee chumvi." Nawe ulikuwa ukikimbia. Mie nilikuwa nakutuma ukimbie!

Jikoni uliniuliza, "Mama, mguu umefanyaje?" Nikakujibu nimejikwaa. Uongo mwingine huo, uongezee kwenye hesabu.

Na hapa kibandani akaja mama mmoja, mteja wangu wa zamani, akaniona ninavyochechemea. Akapiga makofi. "Kumbe na mama mtu! Mie siku zote nadhani mtoto peke yake. Basi hiyo ni ya ukoo." Nasra, nilitamani iwe kweli. Nilisimama pale na kiatu mkononi natamani ningekuwa nimezaliwa hivyo, nikurithishe, yaishe.

Basi sikiliza. Pea ya Segerea, ile ya rangi ya bizari, ni nzuri kupita zote. Juu imefumwa kwa uzi uliotokana na chupa za maji, laini, unaifua kwa sabuni na jioni imekauka. Ukiivaa na ile sketi yako nyeusi utapendeza mpaka basi. Lakini soli yake ni nyembamba, na siku ya tatu upande wa nje wa kushoto ulikuwa umelika mpaka nyuzi zinachungulia. Hiyo ni ya harusini, ya kukaa.

Ya Kawe, ile ya kumwagwa ikiwa ya moto kwenye kalibu inayoipa umbo, yenye ua mbele, fundi aliyeyusha vizibo na ndoo zilizopasuka. Hiyo hailiki hata ukiisugua na jiwe. Ila ni ngumu, juani inapata moto, kwenye maji inateleza, na ukingo wake umenikata chini ya kifundo mpaka nikapata lengelenge kubwa kama kunde. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa unaficha zile yeboyebo za plastiki nilizokununulia darasa la tano. Nilikuchapa kwa ajili ya yeboyebo zile. Nisamehe kwa hilo pia, ijapokuwa nakuja kukuomba kubwa zaidi.

Ya Mbagala haina urembo. Rangi yake ni ile bluu ya sare za shule, imepanuka mbele, ukiitazama unasema hii ni ya mama mtu mzima. Lakini juu ni kitambaa cha chupa hizo hizo, hakichomi, na soli ni plastiki iliyosagwa ikashindiliwa, nene, ina mifereji. Siku tatu haikulika hata robo ya ile ya Segerea. Nikajua ndiyo hiyo. Nikafunga safari mpaka Mbagala kumtafuta fundi mwenyewe anitengenezee pea mpya, na soli ya kushoto aiongeze unene upande wa nje, pale unapokanyagia.

Fundi mwenyewe ni msichana, rika lako. Akaniuliza, "Mguu una nini, mama?" Mie jibu langu ninalo siku zote, linatoka lenyewe bila kufikiri: kazaliwa nao, mapenzi ya Mungu. Safari hii halikutoka. Nikakaa kwenye kigoda chake, kati ya magunia ya vizibo, nikamwambia mtu baki jambo ambalo sikumwambia baba yako mpaka anakufa. Ni hili.

Ulizaliwa na mguu wa kushoto umekunjika kwa ndani, hilo ni kweli. Lakini ukatibiwa, Nasra, ukapona.

Muuguzi aliuita nyayo kifundo, akasema ni kitu cha kawaida, watoto wengi wanazaliwa nacho na kinanyooshwa. Kila Jumatano baba yako alikubeba kliniki wakakufunga hogo, lile la plasta jeupe, wanalitoa, wanaunyoosha mguu kidogo, wanafunga jingine. Ukanyooka. Wakakupa viatu viwili vyeupe vya ngozi, vidogo hivi, vimekazwa kwenye chuma kimoja ili miguu ikae imetazama nje. Mwanzo ukavivaa usiku na mchana, halafu ikawa wakati wa kulala tu. Yule muuguzi alituambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema, "Mkiuona umenyooka msidanganyike. Mguu huu unakumbuka ulikotoka. Avae akilala mpaka afike miaka minne."

Ulitembea sawasawa. Hujawahi kuambiwa hilo na mtu yeyote, kwa hiyo nakuambia mie. Tulikuwa tumepanga Temeke, chumba kimoja, wapangaji sita ua mmoja, na ulitembea pale uani nyayo mbili zote zimelala chini. Nilikuwa nafagia asubuhi nikikuta alama zako kwenye mchanga, ya kulia na ya kushoto, zinafanana.

Na kila ulipolala mchana barazani na chuma chako, wanawake wa ua ule wakawa na la kusema. "Jamani, mtoto kamkosea nani mpaka apigwe pingu?" Mwingine akavumisha kwamba nilipokuwa na mimba nilimcheka kilema sokoni, ndiyo maana. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mgeni wa kila kitu, baba yako keshapata kazi ya lori, yuko njiani wiki mbili mbili. Usiku unalia na vile viatu, asubuhi wananitazama. Nikajiambia, mguu si umenyooka? Si wanauona? Nikavivua. Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Nilitaka wanyamaze tu, wallahi, sikutaka kingine.

Ningeishia hapo labda ningevirudisha. Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza biashara, natandika turubai kando ya barabara, viatu vya watoto. Akaja mama mmoja anatafuta viatu vyeupe vya mwanawe kwa ajili ya sherehe. Sikuwa navyo. Nikaingia ndani, nikachukua bisibisi, nikavifungua kwenye chuma, nikavipaka rangi, nikamletea. Akafurahi, akasema ngozi hii ya zamani haipatikani siku hizi. Niliviuza, Nasra. Niliuza viatu vyako vya dawa, nikajiona mjanja wa mjini.

Kile chuma kilibaki. Unakijua. Ni kile kilichoning'inia hapa kibandani upande wa kulia, kina matundu mawili kila ncha, ninachotundikia viatu vya watoto. Umekipangusa vumbi kila Jumamosi tangu una miaka saba. Uliwahi kuniuliza kilikuwa cha nini, nikakwambia cha baiskeli.

Miezi haikupita mingi nikaona ulemavu unarudi. Sikuuona kwenye mguu kwanza, niliuona kwenye soli. Kiatu cha kushoto kilianza kulika upande wa nje. Mie muuza viatu, kazi yangu ni kusoma soli, nikaisoma nikaifahamu. Ningekukimbiza kliniki siku ile ile ungepona. Niliogopa yule muuguzi ataniuliza viatu viko wapi. Niliogopa baba yako. Kwa hiyo unajua nilifanya nini? Nikakubadilishia viatu. Kila soli ilipoanza kulika, nikakuvalisha pea nyingine, ili baba yako akirudi safari asione.

Ndiyo maana ulikuwa mtoto mwenye viatu vingi kuliko wote Temeke nzima. Watu wakasema Mama Nasra anamdekeza mwanawe. Zile zilizolika nilikuwa nazitupa mtaroni, nyuma ya machinjio, na leo wewe ndiye unayezunguka kuokota plastiki kwenye mitaro. Mwaka jana kwenye Idi nilikusikia kwa masikio yangu unamwambia shangazi yako, "Mama yangu ananipenda yule, hajawahi kuniacha na kiatu kilicholika hata siku moja." Nikatoka nje nikajifanya naangalia mkaa.

Baba yako, Mungu amrehemu, mwishowe aliona, maana mguu ulikwisha kupinda hauna pa kujificha. Nikamwambia kliniki wamesema ndiyo basi, Mungu kapenda. Aliinamisha kichwa, akasema, "Alhamdulillahi." Hakuniuliza tena. Mtu aliyekubeba Jumatano zote zile, akaniamini kwa neno moja. Na wewe ulipoanza kuuliza mbona wenzangu hawako hivi, nikakufundisha wewe nawe neno hilo hilo.

Sasa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pote. Goti lako linauma. Usiniambie haliumi, nimelivaa siku tisa. Asubuhi unashika ukuta ukishuka kitandani, unadhani nimelala. Mara mbili nimekwambia twende tukaonane na daktari wa mifupa, na mara zote umenijibu, "Mama, mie ndivyo nilivyoumbwa, nimeshukuru, yameisha." Umelisema kwa moyo safi. Na mie nimenyamaza, maana ningekubishia ningelazimika kusema nani aliyekuharibu. Mungu alikuumba, ndiyo, akakuletea na dawa yake. Mie ndiye niliyeiuza. Usimshukuru Mungu kwa kosa langu, mwanangu, nenda hospitali.

Yule fundi wa Mbagala aliponisikiliza hakunipa pole wala hakunilaumu. Aliendelea kukata soli. Halafu akasema, "Mama, mie natengeneza kiatu. Mguu sitengenezi. Nikikuongezea hapa unene atatembea, ila mguu wenyewe utazidi kupinda." Nikamuuliza, "Sasa atanielewa?" Akasema, "Hilo usiniulize mie, muulize yeye." Hata kwaheri ya kuniaga hakuitoa, na ninaona alikuwa na haki.

Nilikwenda pia, peke yangu, mpaka kwa daktari mmoja wa mifupa. Nikamweleza kama habari ya jirani. Akasema kwa mtu mzima inakuwa ngumu kuliko kwa mtoto, inaweza kuwa upasuaji, inaweza kuwa kufungwa hogo tena, hawezi kuahidi kitu mpaka auone mguu. Ila akasema ukiachwa, goti na nyonga vitakwisha mapema, na kabla hujafika umri wangu utatembelea mkongojo. Mbeya kuna hospitali kubwa, hao madaktari wapo. Na wewe kazi yako ni kutembea, kwenye vilima vile. Nakupigia magoti. Ukinichukia, nichukie, lakini nenda ukauoneshe. Usiuadhibu mguu kwa sababu ya mama.

Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Mie nilificha maradhi ya mwingine, na kilio nikakuachia wewe. Sina hata funzo la kukupa hapo. Ningekuwa na la maana ningelitumia mwenyewe zamani.

Nikuambie na ujanja wangu wa mwisho, ili usije ukaugundua mwenyewe. Nilipoanza barua hii nilipanga kuikunja niitie ndani ya kiatu cha kushoto, chini kabisa ya begi. Ungeikuta Mbeya, ungelia huko, mie niko huku na simu nimezima. Nimeshaikunja mara mbili nikaikunjua. Ndivyo nilivyo, napenda kubadilisha kiatu ili mtu asione soli. Naogopa, Nasra. Naogopa jinsi utakavyonitazama kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Sina mwingine. Ukitoka kesho bila kuniaga, nyumba itabaki na mie na sauti ya redio.

Lakini ukiisomea Mbeya utakuwa na nani wa kumpigia kelele? Una haki ya kunipigia kelele usoni kabla basi halijaondoka. Mengine yote nilikunyang'anya, hiyo nakuachia.

Pea mpya ya Mbagala iko juu ya begi lako, nimeifunga kwenye kanga ya bluu. Ya kushoto ni nzito kidogo, usishangae, ni ule unene. Utalika na huo pia, siku moja. Zile tatu nilizozivaa nimezibakiza hapa, sizitupi mtaroni, nimezipanga mbele zikiwa zimegeuzwa chali, soli juu. Atakayeuliza nitamwambia.

Kile chuma nimekishusha. Viatu vya watoto nimevirundika chini, na mahali kilipokuwa ukutani pana mstari safi usio na vumbi.

Nakusikia sasa. Umefika kwa muuza mihogo, anakuuliza safari lini, unamjibu kesho, mnacheka. Unakuja. Mguu mmoja unagonga, mwingine unaburuta. Kalamu naiweka chini, turubai nalipandisha lote. Mkono mmoja nitakuwa na barua, mwingine nitakuwa na chuma. Ukiniona machozi ukaniuliza, "Mama, umefanyaje?" safari hii sisemi nimejikwaa.